UCHAMBUZI: Jiko la gesi chini ya pipa la busaa – Sera mbili zisizopikika katika chungu kimoja

SERIKALI inawataka Wakenya waachane na kuni na makaa, wapike kwa gesi. Serikali hiyo hiyo, kupitia kwa machifu na polisi, inawataka wapishi wa busaa vijijini na mitaani wazime mioto yao kabisa, isipokuwa wawe na leseni ambayo kwa mpishi wa kijijini ni nadra kupatikana.

Amri hizi mbili hutoka katika ofisi tofauti na hutolewa kwa sababu tofauti. Hata hivyo, hukutana mahali pamoja: chini ya sufuria ya mwanamke anayepika pombe ili alipe karo ya watoto na kodi ya nyumba.

Mkakati wa kitaifa wa upishi safi wa 2024-2028 unalenga kila boma liwe na njia safi ya kupikia kufikia 2028. Safari hiyo ni ndefu. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya familia humu nchini zilitegemea kuni, huku takriban robo pekee zikitumia gesi.

Mazungumzo kuhusu mpango huo hujikita katika ugali, chai na maharagwe. Ni nadra kusikia afisa wa kawi akitaja pombe, ilhali upishi wa pombe ni miongoni mwa kazi zinazokula kuni nyingi zaidi katika boma. Anayepika ugali huwasha moto kwa nusu saa. Anayepika pombe huukoleza kwa saa kadhaa.

Ndiposa swali la jiko gani linafaa kwa pombe ya nyumbani, na liwekwe vipi, si la mafundi peke yao. Ni swali la misitu, la usalama na la sheria.

Hesabu ya moto

Si kila kinywaji cha kienyeji huhitaji moto. Mnazi wa Pwani hugemwa ukiwa tayari umeanza kuchacha. Muratina hutaka joto la wastani tu ili chachu ifanye kazi yake.

Busaa ni tofauti. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji na kuachwa uchachuke kwa siku kadhaa, kisha hukaangwa juu ya bati au karai pana hadi ugeuke rangi. Baadaye huchanganywa na maji pamoja na kimea cha wimbi, ukachachuka tena na hatimaye kuchujwa. Ni ule ukaangaji unaomaliza kuni. Bia ya shayiri nayo, ambayo baadhi ya watu mijini wameanza kujitengenezea nyumbani, hutaka maji ya kimea yachemke kwa takriban saa nzima.

Chukua mfano wa lita 50 za maji ya kimea. Kuyatoa kwenye nyuzijoto 20 hadi yachemke kunahitaji takriban megajuli 17 za joto. Kuyaweka katika mchemko kwa saa moja, huku lita tano hivi zikipotea kama mvuke, kunaongeza megajuli 11. Jumla ni megajuli 28 zinazopaswa kuingia ndani ya sufuria.

Kilo moja ya gesi ya kupikia ina takriban megajuli 46. Katika jiko la wazi uani, ni kama asilimia 40 tu ya joto hilo linaloingia chunguni. Nyingine huchukuliwa na upepo. Kwa hivyo pishi hilo litakula takriban kilo moja na nusu ya gesi, na mtungi wa kilo 13 utatosha mapishi manane hivi.

Linganisha na moto wa mafiga matatu. Kilo moja ya kuni kavu ina takriban megajuli 16, lakini mafiga hupoteza sehemu kubwa ya joto hilo. Ikiwa ni asilimia 12 tu inayofika kwenye sufuria, pishi lilo hilo litahitaji kuni zisizopungua kilo 15. Mwanamke anayepika mara mbili kwa wiki atachoma zaidi ya tani moja na nusu kwa mwaka.

Hesabu hii inaeleza ni kwa nini serikali haiwezi kuwapuuza wapishi hawa na bado idai kwamba inalinda misitu. Marufuku ya kukata miti iliyowekwa mwaka 2018 na kuondolewa 2023 haikuzima mioto hiyo.

Jiko lipi?

Kosa la kwanza ambalo mpishi wa pombe anaweza kufanya ni kuchukua mtungi wa kilo sita, ule wenye jiko la kuskurubiwa juu yake, na kuutwika sufuria kubwa. Mtungi huo ulibuniwa kubeba chakula cha familia. Sufuria yenye lita 50 ina uzani unaozidi kilo 50. Mbali na hatari ya kupinduka, sufuria pana hurudisha joto chini, moja kwa moja kwenye mtungi wenyewe.

Kosa la pili ni kutegemea jiko la kawaida la jikoni. Jiko hilo hutoa kilowati mbili hadi nne. Hata likiingiza nusu ya nguvu hizo chunguni, lita 50 zitachukua zaidi ya saa mbili kabla ya kuchemka. Kwa upepo wa uani huenda zisichemke ipasavyo kamwe.

Kwa kiasi hicho, jiko la kilowati 15 linatosha kuchemsha maji kwa dakika 45 hivi. Baada ya hapo mpishi hupunguza moto hadi nusu. Majiko yanayoagizwa kutoka ng'ambo huandikwa nguvu zake kwa kipimo cha BTU, na 50,000 kwa saa ni sawa na kilowati 15. Jiko lililoandikwa 200,000 huvutia macho dukani, lakini kwa sufuria ya lita 50 ziada hiyo hupashia hewa joto na kumaliza gesi tu.

La muhimu kuliko ukubwa ni umbo la moto. Yapo majiko yenye tundu moja linalotema moto mkali katikati kwa mngurumo. Hayo huchemsha maji upesi, lakini huunguza chochote chenye sukari au wanga. Maji ya kimea yana sukari, na unga wa busaa ni wanga mtupu. Jiko la chuma cha kumimina lenye pete pana na matundu mengi madogo, kama yanayotumika katika mikahawa na jikoni za shule, hutawanya moto chini ya karai lote. Ndilo linalofaa.

Kisha kuna regulata, kifaa kidogo ambacho wengi hukinunua bila kukiuliza maswali. Regulata ya nyumbani hushusha kani ya gesi hadi takriban milibari 30. Baadhi ya majiko makubwa hutaka kani ya juu zaidi na regulata inayoweza kurekebishwa. Jiko na regulata ni mume na mke: vikitofautiana, moto huwa hafifu au huruka kutoka kwenye matundu. Kupanua tundu la gesi kwa msumari ili moto uongezeke, au kuunganisha jiko moja kwa moja na mtungi bila regulata, ni kualika msiba.

Mtungi nao una mipaka yake. Gesi inayouzwa humu nchini ni mchanganyiko wa propeni na buteni, nayo hukaa mtungini ikiwa kioevu. Inapotoka hugeuka hewa, na katika kugeuka huko hunyonya joto. Jiko kubwa likivuta gesi kwa kasi kutoka kwenye mtungi mdogo, mtungi hupoa, hutoka jasho na hata kushika barafu, huku moto ukififia kabla gesi haijaisha. Hali hii huwa mbaya zaidi asubuhi za baridi katika maeneo ya juu kama Nyandarua na Kericho.

Anayeona hivyo hapaswi kuumwagia mtungi maji moto wala kuulaza ubavu. Mtungi uliolazwa hutoa kioevu badala ya hewa, na moto utakaolipuka hautadhibitika. Dawa ni mtungi mkubwa, wa kilo 13 au zaidi, au fundi mwenye kibali aunganishe miwili.

Mahali pa jiko

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai juu kama moshi wa kuni, bali hutambaa sakafuni, ikajaa pembeni, mashimoni na chini ya vitanda. Hapo huketi ikisubiri cheche. Asilimia mbili tu ya gesi hiyo hewani yatosha kulipuka.

Kwa sababu hiyo jiko la pombe sharti liwe nje, pahali palipo wazi, juu ya ardhi tambarare na kwenye stendi pana ya chuma isiyotikisika. Mtungi usimame wima, mita moja na nusu au mbili kutoka motoni, upande usiopelekewa joto na upepo. Mpira uwe wa gesi, si wa kunyunyizia maji bustanini, nao ukazwe kwa vibano pande zote mbili. Kila unapounganishwa, viungo vipakwe maji ya sabuni. Povu likichemka, gesi inavuja. Anayepima kwa kiberiti huenda asipate nafasi ya kupima tena.

Rangi ya moto pia husema. Moto wa bluu umepata hewa ya kutosha. Moto wa manjano unaoacha masizi chini ya sufuria unamaanisha kwamba gesi haiungui yote, na kwamba inatoa kaboni monoksidi, sumu isiyo na harufu wala rangi. Uani sumu hiyo hupeperushwa. Ndani ya chumba cha mabati kilichofungwa, huua waliolala.

Hatari nyingine ni ya pombe yenyewe. Maji ya kimea yanapoanza kuchemka hufura povu ghafla. Povu hilo likifurika huzima moto, lakini gesi huendelea kutoka. Ndiyo maana wazoefu hawajazi sufuria hadi pomoni, na hawaliachi jiko hata kwa dakika chache kwenda kumpokea mteja.

Uwazi na kificho

Hapa ndipo sera mbili za serikali zinapogongana. Kila kanuni iliyotajwa inataka uwazi: uani, hewa, mwanga, nafasi, na fundi aitwe kukagua. Lakini mpishi anayeogopa msako hutafuta kinyume chake. Hupika usiku, ndani ya nyumba, madirisha yamezibwa, au kando ya mto penye vichaka, ambako hakuna fundi wala jirani wa kusaidia.

Kuni zinaustahimili ufichaji huo. Moshi wake hudhuru mapafu na macho polepole, lakini kuni hazilipuki. Gesi haivumilii kificho hata siku moja. Kumpa mpishi gesi huku ukimsukuma gizani ni kubadilisha ugonjwa wa miaka mingi kwa ajali ya sekunde moja. Lila na fila havitangamani.

Wakenya hawahitaji kukumbushwa ukubwa wa ajali hiyo. Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ililipuka katika eneo la Mradi, Embakasi jijini Nairobi. Watu kadhaa walifariki na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kuweka kituo cha gesi mahali hapo. Biashara iliyokataliwa mbele ya sheria iliendelea nyuma yake, katikati ya makazi ya watu.

Mtungi wa mpishi wa busaa ni mdogo ukilinganishwa na lori la Embakasi. Funzo, hata hivyo, ni lile lile: marufuku isiyofuatiliwa haiondoi hatari, huihamisha tu.

Hoja ya wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba mjadala huu haufai kuwapo. Viongozi wa kidini, wazazi na maafisa wanaopambana na ulevi wanahofia kwamba jiko zuri litaongeza pombe, na kwamba moto unaokaanga unga wa busaa leo utakuwa wa mtambo wa chang'aa kesho. Hofu hiyo ina msingi. Familia nyingi zimesambaratishwa na chupa, na gesi huwaka bila moshi wa kumwonyesha chifu mahali pa kwenda.

Aidha, taifa lina makaburi ya kutosha ya wanywaji. Mnamo Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walifariki katika mitaa ya mabanda ya Nairobi. Mnamo Mei 2014 makumi ya wengine waliangamia katika kaunti kadhaa. Mnamo Februari 2024 ilikuwa zamu ya Kirinyaga.

Lakini ni muhimu kutaja kilichoua. Mikasa ya 2000 na 2014 ilihusishwa na methanoli, kemikali ya viwandani inayoongezwa na walanguzi ili kinywaji kiwe kikali na faida iwe nono. Methanoli haitoki kwenye jiko la busaa. Hutoka kwenye pipa la mfanyabiashara asiye na haya. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wahenga walisema. Wa siku hizi, asipokaguliwa, hulitia sumu.

Sheria yenyewe ilikwisha kulitambua hilo. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, maarufu kama Sheria ya Mututho kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha John Mututho, ilifuta marufuku ya chang'aa ya 1980 na kufungua mlango wa vinywaji vya kienyeji kutengenezwa kwa leseni na kwa viwango. Katiba ya mwaka huo huo ikazipa kaunti jukumu la leseni za vileo.

Mlango ulifunguliwa, lakini kizingiti kikawa kirefu. Masharti ya leseni yanamfaa mwenye kiwanda, mtaji na wakili. Mwanamke mwenye karai na mapipa mawili hana pa kuanzia. Matokeo ni kwamba sheria iliyokusudia kumtoa gizani imemwacha pale pale.

Mfano wa kwingineko

Mataifa mengine yalipita njia hii. Uingereza iliondoa leseni ya kutengeneza bia ya nyumbani mwaka 1963. Nchini Marekani, Rais Jimmy Carter alitia saini Oktoba 1978 sheria iliyoruhusu mtu mzima kutengeneza hadi galoni 100 za bia kwa mwaka bila kulipa ushuru, na 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi. Hiyo ni takriban lita 380 na 760. Sharti kuu lilikuwa moja: isiuzwe. Majimbo yalichukua muda kufuata, na Mississippi na Alabama yalikuwa ya mwisho, mwaka 2013.

Kilichofuata kuhusu moto kina funzo. Wapishi wa bia wa Marekani walichukua majiko makubwa ya propeni yaliyotumika nje ya nyumba kuchemshia kamba wa mitoni au kukaangia bata mzinga, wakayaweka uani. Kwa kuwa hawakuwa wakijificha, walishauriana hadharani kuhusu regulata, upepo na sumu ya kaboni monoksidi. Baadaye wengi walihamia kwenye umeme ili waweze kupikia ndani kwa usalama. Uwazi wa sheria ulitangulia usalama wa jiko.

Kenya haiwezi kunakili mfano huo neno kwa neno. Mmarekani anayepika bia uani hufanya hivyo kwa kujifurahisha, ilhali mpishi wa busaa anatafuta riziki, na sharti la kutouza lingemnyima sababu ya kupika. Busaa yake hunywewa na umma, na umma una haki ya kulindwa.

Njia iliyopo

Kinachowezekana ni kaunti kuvipa leseni vikundi badala ya mtu mmoja mmoja. Wanawake 10 wenye eneo moja la kupikia, lililo wazi, lenye paa bila kuta na mitungi iliyotengwa na moto, wanaweza kukaguliwa na afisa wa afya na mkaguzi wa gesi kwa ziara moja. Gharama ya jiko kubwa, regulata na mtungi inayomlemea mmoja hubebwa na wote. Eneo likijulikana, kinywaji kinaweza kupimwa, saa za kuuza zikadhibitiwa na watoto wakazuiwa.

Pili, serikali ikumbuke kwamba bei ndiyo mwalimu mkuu. Ushuru wa VAT wa asilimia 16 uliporejeshwa kwa gesi Julai 2021, familia nyingi zilihesabu upya. Ulipunguzwa hadi asilimia nane mwaka 2022 na kuondolewa 2023. Mpishi anayeyumbishwa hivyo hawezi kutupa mafiga yake. Sera ya kawi isiyotabirika huwarudisha watu msituni.

Tatu, mafunzo ya usalama wa gesi yasiishie kwa wauzaji wa mitungi. Yawafikie mafundi wa jua kali wanaochomelea majiko haya, kwa kuwa wao ndio wanaoamua upana wa tundu na uimara wa stendi. Alama ya ubora kwenye jiko la Gikomba ingeokoa maisha sawa na ile iliyo kwenye mtungi.

Wanaotaka pombe ipungue bado watakuwa na vita vyao vya kupigana, na ni vita halali. Lakini havitashindwa wala kushindiwa kwa kumlazimisha mwanamke awashe gesi ndani ya chumba kilichozibwa. Serikali inapaswa kuamua ni lipi inaloliogopa zaidi: busaa inayoonekana, au mtungi usioonekana. Hadi itakapoamua, kila mtungi mpya unaouzwa kwa jina la upishi safi utaendelea kuingia katika baadhi ya nyumba kwa mlango wa nyuma, usiku, bila mtu wa kupaka viungo vyake sabuni.